Wifi Yangu Alipotusafishia Nyumba

Tulirudi Lanciano Jumapili saa nane mchana, na kabla sijavua koti nilijua kuna mtu ameingia nyumbani kwetu akafanya jambo. Nyumba ilinukia limau na dawa ya sakafu. Tullia, binti yangu mdogo wa miaka minne, alimwita paka, na sauti yake ikagonga ukuta ikaturudia, kama vile tumeingia kwenye nyumba ya kupangisha ambayo bado haijapata mpangaji.

Tulikuwa tumetoka Isernia kwa baba yangu, aliyeteleza kwenye ngazi za kanisa akavunjika nyonga. Siku nne nilikaa kwenye kiti cha plastiki hospitalini, na Ivano, mume wangu, akawa anazunguka na watoto wawili kwenye mji wenye upepo wa Januari unaokata masikio. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: nikifika, naweka birika langu la kahawa jikoni, nakunywa kikombe kimoja nikiwa nimesimama, halafu ndipo dunia iendelee.

Birika nililikuta. Lilikuwa limesuguliwa kwa sabuni na steelwool, ndani na nje, likang'aa kama limenunuliwa jana dukani. Kwetu birika la kahawa halioshwi kwa sabuni. Linasuuzwa kwa maji matupu, likakaushwa, basi, na kila mwaka unaopita kahawa yake inakuwa tamu zaidi. Miaka kumi na moja ya kahawa yangu ilikuwa imeshuka na maji ya bomba.

Nikafungua droo. Kila nyumba ina ile droo moja inayopokea kila kitu: betri, mishumaa ya keki, gundi, vifungo vya mashati ambayo hayapo tena, jino la kwanza la binti yangu mkubwa kwenye kibweta cha kiberiti. Sasa ilikuwa na mkasi mmoja, umelazwa katikati kama maiti. Nikafungua kabati. Kile chuma cha bibi yangu cha kuchomea ferratelle, zile biskuti bapa tunazopika sikukuu, chuma chenye mikono mirefu na herufi za jina lake zilizochongwa ndani ili zitokee kwenye kila biskuti, hakikuwepo. Michoro ya watoto iliyokuwa ukutani, haikuwepo. Hata kile kikombe kisicho na mkono, ninachowekea vijiko vya mbao, kilikuwa kimeondoka na vijiko vyake.

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Ufunguo wetu wa pili alikuwa nao mtu mmoja tu.

Ersilia ni dada mkubwa wa mume wangu. Anamzidi Ivano miaka tisa, na tangu mama yao aanze kuumwa miguu, yeye ndiye anayeamua siku gani ukoo mzima unakula pamoja na nani analeta nini. Si mtu mbaya. Nasema hivyo sasa. Siku ile nisingesema. Anaishi peke yake kwenye nyumba ambayo ukiweka glasi mezani anaiinua na kufuta chini yake kabla hujameza. Vuli iliyopita alijiandikisha kwenye mafunzo ya kupanga nyumba, jioni sita, akarudi na cheti, na tangu hapo kila akija kwetu macho yake yalikuwa yanatembea kwenye rafu zangu. Nilimwachia ufunguo amlishe Zolfo, paka wetu. Kijiko kimoja asubuhi, kijiko kimoja jioni. Hiyo ndiyo kazi niliyomwomba.

Nikampigia simu. Alipokea kwa sauti ya mtu anayesubiri zawadi. Alisema ametoa mifuko ishirini na miwili, na kwamba mgongo umemuuma lakini si neno, kwa ajili ya familia mtu anajitolea. Nilimuuliza chuma cha bibi kiko wapi. Akasema kimeenda kwenye mnada wa parokia pamoja na vyombo vingine vizee, maana mara ya mwisho mimi kukitumia ni lini? Nilimwambia mara ya mwisho ilikuwa Krismasi, wiki tatu zilizopita, na kwamba yeye mwenyewe alikula biskuti saba. Akaanza kunieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba hasira ni hatua ya kwanza. Mwalimu wao aliwaambia: mtu akisafishiwa nyumba hukasirika wiki moja, halafu hushukuru maisha yake yote.

Kwa hiyo hata hasira yangu ilikuwa imeshatengewa droo yake.

Nikageuka nimwangalie Ivano, nikitegemea kuona uso unaofanana na wangu. Alikuwa anatundika makoti. Aliyatundika polepole sana, moja moja, akinyoosha mabega ya kila koti. Nilidhani ni uchovu wa safari.

Ndipo Nives alipotoka kwenye roshani.

Nives ana miaka tisa. Si mtoto wa kulia. Alisimama mlangoni, bado amevaa kofia ya sufu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, Peppina hayupo."

Peppina ni kobe wetu. Alikuwa wa bibi yangu, yule yule mwenye chuma, na mimi nilipozaliwa tayari alikuwa akitambaa kwenye bustani yake ya maharage. Bibi alipofariki, wajomba waligawana shamba, na mimi niliomba kobe. Wote walicheka. Kiangazi anakaa kwenye ule mkanda wa bustani nyuma ya jengo letu, anakula majani ya dandelioni na kuwatisha njiwa. Ikifika Novemba anaacha kula, anapungua mwendo, na Nives anampima uzito kwenye mizani ya jikoni na kuandika kwenye daftari lake. Kisha tunamtengenezea kitanda: boksi kubwa, udongo chini, majani makavu ya mwaloni juu mpaka ukingoni. Tunaliweka kwenye pembe ya roshani inayoelekea kaskazini, penye baridi isiyogandisha, na Peppina analala humo mpaka Machi. Halii, hali, hanywi. Ukimgusa ni kama umegusa jiwe. Watu wengi hawajui hilo, nakubali. Ndiyo maana Nives alikuwa ameandika juu ya boksi, pande zote nne, kwa kalamu nene nyekundu: PEPPINA AMELALA. ASIAMSHWE MPAKA MACHI. Na chini yake alichora kobe amejifunika blanketi.

Nikapiga simu tena.

"Lile boksi la majani?" Ersilia alisema. "Nililipeleka jana asubuhi uwanja wa taka wa manispaa. Roshani ilikuwa aibu, Loredana. Takataka za miti ndani ya nyumba ya watu."

Nilimuuliza kama hakuona maandishi.

"Nilisoma. Nilidhani ni michezo ya watoto. Mwanasesere, sijui."

Nilimwambia kwamba lile boksi lilikuwa na kiumbe hai ndani yake, mwenye umri mkubwa kuliko mimi na pengine kuliko yeye, na kwamba Nives amesimama mbele yangu ananitazama. Ersilia akasema kwa sauti ndogo kwamba hakukuwa na mnyama yeyote, angeona, yeye si kipofu. Alimimina majani kwa mikono yake. Nikakata simu kwa sababu mtoto alikuwa anasikiliza na maneno yaliyokuja mdomoni hayakuwa ya kusikilizwa na mtoto.

Uwanja wa taka haufunguliwi Jumapili. Tulikwenda hata hivyo. Nilimlazimisha Ivano kugeuza gari, tukafika, tukasimama mbele ya geti la chuma lenye mnyororo. Kwa ndani ulionekana mlima wa matawi na majani, mkubwa kama ghorofa moja, na ukungu mweupe unafuka juu yake. Nives alishika vyuma vya geti akaita, "Peppina," mara moja tu, kisha akaona ujinga wa jambo lile akaachia vyuma. Tulirudi. Jioni ile hakuna aliyekula supu. Nives alilaza daftari lake la uzito chini ya mto. Zolfo, ambaye siku nne zote alikuwa juu ya kabati la nguo kwa kuogopa mashine ya kufyonza vumbi, alishuka na kulala kwenye kona ya roshani mahali boksi lilipokuwa. Nilimwacha.

Jumatatu saa mbili kasoro robo asubuhi tulikuwa mbele ya lile geti, sote wanne, na reki mbili tulizoazima kwa jirani. Nives hakwenda shule. Ivano aliomba ruhusa kazini. Saa mbili kamili mwanamke mnene mwenye jaketi la rangi ya machungwa alikuja kufungua mnyororo, akatuuliza tumeleta nini. Nilimwambia hatujaleta, tumekuja kuchukua. Akaniambia kwamba kitu kikishaingia pale ni mali ya manispaa, hakitoki. Jina lake, lilivyoandikwa kifuani, lilikuwa Iolanda.

Nilianza kumweleza, lakini Nives alinitangulia. Alimweleza yote kwa mpangilio: boksi, udongo, majani, uzito wa Novemba, gramu elfu moja mia nne na kumi. Iolanda alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, yule mama aliangalia saa yake, na uso wake ukabadilika. Alisema mashine ya kusaga matawi inakuja saa tatu. Inakuja Jumatatu moja kila mwezi, na ni leo. Kisha akatupa glavu, akachukua uma mrefu wa shambani, akasema kwa kanuni yeye hajatuona.

Tulichimba. Sijawahi kufanya kazi vile. Juu majani yalikuwa yamegandiana kwa baridi, chini yalikuwa ya moto kabisa, yanatoa moshi na harufu ya siki. Ivano alivuta matawi ya mizeituni makubwa kuliko yeye. Nives alipiga magoti akawa anachambua kwa vidole, konzi baada ya konzi, hata kipande kidogo hakikumpita. Tullia nilimkalisha ndani ya gari, akashuka, nikamrudisha, akashuka tena, mwishoni tukamwacha aokote mbegu za mwaloni. Tulipata majani yetu. Nilijua ni yetu kwa sababu yalikuwa ya mwaloni na yamechanganyika na udongo mweusi wa maduka ya maua. Tuliyapekua yote. Kobe hakuwemo.

Saa mbili na nusu Ersilia akafika. Sikumwita mimi. Alikuwa amevaa koti lake la kijivu la kwendea misa na viatu vya kisigino, akashuka garini na kusimama ukingoni mwa tope na mkoba wake mkononi.

Nilijinyoosha. Nilikuwa na majani kwenye nywele na mboji mpaka kwenye viwiko, na nilikuwa nimekusanya usiku kucha kila nitakachomwambia. Nilimwambia hakuna mtu aliyempa haki. Nilimwambia alipewa ufunguo wa kumlisha paka, siyo wa kuhukumu maisha ya watu, kitu gani kibaki na kitu gani kiende. Nilimwambia kwamba mwizi angalau huchukua vya thamani na kuacha michoro ya watoto ukutani. Sauti yangu ilikuwa inapanda na sikujali. Iolanda aliacha kuchimba akaegemea uma wake.

Ersilia alinisikiliza mpaka mwisho. Kidevu chake kilikuwa juu.

"Mimi sikujiingiza tu kwenye nyumba ya mtu," akasema. "Niliombwa. Muulize mumeo."

Ivano alikuwa ameshika tawi. Hakuliweka chini na hakulivuta.

"Ivano," nikasema.

Akaangalia tope. Alisema alimwambia Ersilia apange kidogo tu. Roshani, zile droo. Alisema nyumba ilikuwa inamkaba, kila akirudi kazini hana mahali pa kuweka funguo, hana mahali pa kukaa bila kuondoa kwanza kitu, na kwamba amejaribu kuniambia.

"Lini?" nikamuuliza.

Alifikiri. Mtu mwingine angedanganya; Ivano, kwa sifa yake, alifikiri kweli. Alisema pengine hakuniambia. Pengine alifikiria tu kuniambia. Alimwambia dada yake kwa sababu dada yake alikuwa ameuliza.

Nimeshakasirika mara nyingi katika ndoa yangu, lakini hasira ile ilikuwa ya aina nyingine. Haikuwa na moto. Nilikumbuka siku nne za Isernia, jinsi alivyokuwa mpole, jinsi alivyosema tusiharakishe kurudi, tungoje Jumapili, baba yako anakuhitaji. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti cha plastiki nikijisemea nimeolewa na mwanamume mwema. Kumbe alikuwa anampa dada yake muda wa kumaliza.

Na watoto walikuwa wamesikia. Nives alikuwa bado amepiga magoti kwenye majani. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu, kisha akarudi kuchambua, na hilo lilimwumiza Ivano kuliko chochote nilichoweza kusema.

Yakabaki dakika ishirini. Iolanda alikuwa ameshatuonya kwamba dereva wa ile mashine hana utani. Nilisimama katikati ya lile rundo nikijaribu kufikiri kama anavyofikiri wifi yangu. Si jambo rahisi kwangu. Mtu aliyebeba boksi mpaka uwanja wa taka badala ya kulitupa kwenye pipa la mtaani. Mtu ambaye, nilipotazama upande wa pili wa uwanja, niliona amelikunja boksi letu vizuri na kuliweka kwenye kontena la karatasi. Maandishi mekundu ya Nives yalionekana kutoka mbali. Mtu asiyeweza kuchanganya aina mbili za taka hata kama amefungwa macho.

"Ersilia," nikasema, "ulipomimina yale majani, hukusikia kitu kizito?"

"Jiwe," akasema. "Kulikuwa na jiwe ndani. Nikashangaa mnaweka jiwe la nini."

"Ukaliacha kwenye majani?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Mawe hayaruhusiwi kwenye majani. Nililiokota nikalipeleka kwenye kifusi."

Alipolisema hilo, nadhani ndipo yeye mwenyewe alipolisikia. Rangi ilimtoka usoni. Alikuwa amemshika. Alikuwa amembeba mikononi, hatua thelathini za uwanja ule, gramu elfu moja mia nne na kumi, na hakutazama.

Nives alikuwa ameshaanza kukimbia.

Kontena la kifusi ni refu kuliko mtu. Iolanda alileta ngazi, lakini Ersilia hakuingoja. Sitamsifu kwa hilo, naeleza tu nilichokiona: alitupa mkoba chini, akavua viatu vya kisigino, akakanyaga chuma cha pembeni na soksi zake nyembamba, akajirusha ndani na koti lake la misa. Tulisikia vigae vinavunjika chini ya miguu yake. Ivano akapanda kumfuata. Mimi niliwazuia watoto kwa mikono miwili. Sauti zilizotoka mle zilikuwa za vigae na mabeseni ya choo yaliyopasuka, na Ersilia akisema jina moja la mtakatifu kila anapogeuza kitu.



Ivano alitokeza kichwa kwenye ukingo. Alikuwa na kitu ndani ya kofia yake ya sufu. Alikishusha kwa Iolanda, Iolanda akanipa mimi, nami nikachutama ili Nives aone. Peppina alikuwa ameingiza kichwa na miguu ndani kabisa. Upande wa kushoto wa gamba, juu ya mguu wa nyuma, palikuwa na ufa mrefu kama kidole changu, na kipande kilikuwa kimebonyea ndani. Alikuwa wa baridi kama kigae. Nives aliweka kidole chake, taratibu sana, kwenye ule upenyo ambapo mguu hujificha. Tulingoja. Tullia aliuliza kama amekufa.

"Amevuta," Nives akasema. "Mguu. Ameuvuta ndani zaidi."

Ndipo alipolia, mtoto asiyelia, kwa kwikwi zilizomkunja mwili mzima.

Daktari wa wanyama alikuwa kijana mwenye mikono ya upole. Alitusikiliza, akatuangalia mmoja mmoja, tulivyojaa tope na vumbi la simenti, na kwa adabu hakuuliza zaidi. Alisema ufa haukufika kwenye mapafu. Alisafisha, akaziba kwa utomvu mgumu kama ule wanaotumia mafundi wa mashua, akatuagiza tumwache alale, mahali pa baridi ile ile, na kumwangalia kila siku. Kuhusu kuamka, alisema hawezi kuahidi. Kobe aliyetikiswa katikati ya usingizi huweza kukosa nguvu ya kuamka. Tungejua Machi.

Kwa hiyo tulikaa na hasira yetu miezi miwili bila kujua ukubwa wake.

Nilichukua ufunguo kutoka kwa Ersilia siku ile ile, pale pale nje ya kliniki. Nilinyoosha mkono, akauweka kiganjani. Ivano nilimpa kazi tatu na sikumpa maelezo. Kwanza, akakitafute chuma cha bibi. Alikwenda kwa padri, padri akampeleka kwa mama mmoja wa kwaya, mama wa kwaya alikuwa amekitundika ukutani kama pambo na hakutaka kukitoa mpaka aliposimuliwa habari yote, mbele ya kwaya nzima. Pili, akae na binti zake awaambie alichofanya kwa maneno yake mwenyewe. Sikuingia chumbani humo. Alitoka macho mekundu, akaniambia Nives amemuuliza swali moja, kama angefurahi mtu akimwondolea vitu vyake akiwa amelala. Tatu, kila kitu kinachomkaba aje aniambie mimi, kwa mdomo wake, nami nitasikiliza. Hiyo ya tatu ndiyo imekuwa ngumu kuliko zote. Anaanza sentensi, anaiacha. Lakini mwezi wa pili alifika mpaka mwisho wa moja: alisema anahitaji rafu moja, moja tu, isiyo na kitu cha mtu mwingine. Tulimwachia. Na mimi sikatai, nyumba ilikuwa imejaa. Kuna masanduku mawili niliyotoa mwenyewe baadaye, kwa mikono yangu, baada ya kufungua na kutazama kila kilichomo. Niliyatoa kwa hiari yangu, na hilo ndilo jambo zima ninalolizungumzia.

Peppina aliamka tarehe kumi na tisa Machi, siku nane baada ya tarehe yake ya kawaida. Alitoa kichwa, akakaa hivyo karibu saa nzima, macho bado yamefungwa. Nives alimpima: alikuwa amepungua gramu mia moja na thelathini, na kile kiraka cha utomvu kinang'aa mgongoni mwake. Alikunywa maji ya vuguvugu kwenye sahani. Kesho yake alikula jani la kwanza.

Kwenye chakula cha Pasaka, kwa mama mkwe, tulikutana sote. Ersilia alikuwa amekaa mwisho wa meza, kinyume na desturi yake, na tangu Januari alikuwa hajatia mguu kwetu. Mama mkwe, ambaye anataka watu wapatane kabla pasta haijapoa, alimwambia Nives ampe shangazi yake busu, mambo yaishe. Meza nzima ilimgeukia mtoto. Nilisema kwamba Nives atambusu shangazi yake siku atakapotaka, na kama hatataka, basi. Mama mkwe aliweka kijiko chini kwa nguvu. Niliendelea kukata mkate.

Nives alimtazama shangazi yake. "Kwa nini hukuuliza?" akasema. "Ulikuwa na namba ya Mama."

Nilidhani Ersilia atasema habari za aibu ya roshani, za michezo ya watoto, za mafunzo ya jioni sita. Alikunja kitambaa chake cha mezani mara mbili, akakikunjua.

"Kwa sababu mngekataa," akasema.

"Ndiyo," Nives akasema. "Tungekataa."

Ersilia akatikisa kichwa kukubali. Hakuomba msamaha, hakuomba busu. Akasukuma bakuli la jibini kuelekea kwa mtoto, na Nives, baada ya kufikiri kidogo, akajipakulia.